Kipimo cha MRI kwa mwenye betri ya moyo: maandalizi huanza kwenye kadi

Ninaishi na betri ya moyo, kile kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi karibu na bega ili kusimamia mapigo, na nimeshafanyiwa kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku na mawimbi ya redio, nikiwa nayo. Nalitaja hili mapema kwa sababu wagonjwa wengi bado huambiwa kwamba mwenye betri haruhusiwi kabisa kuingia kwenye chumba hicho. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha betri ya kwanza iliyoundwa kuhimili MRI, na nyingi zinazowekwa siku hizi ni za namna hiyo. Swali la kuuliza sasa ni betri ya aina gani, na nyaya zake ni zipi.

Nyaya ndizo zinazosahaulika. Betri ikiisha hubadilishwa, lakini nyaya zinazoingia moyoni mara nyingi huachwa zilezile, na mfumo mzima huhesabiwa kuwa unakubalika pale tu betri na nyaya zimeidhinishwa kutumika pamoja. Waya wa zamani ulioachwa kifuani bila kuunganishwa na chochote huongeza shaka, maana mawimbi ya redio ya mashine yanaweza kuipasha joto ncha yake inayogusa msuli wa moyo. Kadi yangu ya betri, ile anayopewa mgonjwa akishawekewa kifaa, ina jina la mtengenezaji, namba ya modeli ya betri, mstari mmoja kwa kila waya na tarehe ya upasuaji. Ipeleke au itume nakala yake siku ile ile unapopangiwa miadi, wala usisubiri asubuhi ya kipimo, kwa kuwa kuna mambo ya kuhakiki, ikiwemo kama wiki 6 hivi zimepita tangu nyaya ziwekwe.

Wenye stenti (vijibomba vya kuweka wazi mishipa ya damu), valvu bandia za moyo au nyaya za kushonea mfupa wa kifua wana wasiwasi mdogo zaidi. Karibu zote za sasa hupita salama. Hata hivyo, zitaje.

Kabla ya kipimo, fundi wa betri huibadilishia mpangilio, na kama ni kifaa chenye uwezo wa kushtua moyo, uwezo huo huzimwa kwa muda. Ndiyo maana ni lazima ufuatiliwe kwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na kipimo cha oksijeni kidoleni muda wote. Mimi, mpangilio ulipobadilishwa, nilisikia moyo ukienda kwa kasi moja isiyobadilika ingawa nilikuwa nimelala tuli. Kama nisingeelezwa mapema ningeingiwa na hofu. Usiondoke kabla kifaa hakijakaguliwa na kurudishiwa mpangilio wake wa kawaida.

Sumaku ya mashine haizimwi kati ya mgonjwa na mgonjwa, na ile ya Tesla 1.5 (Tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku) ina nguvu kama mara 30,000 ya usumaku wa dunia. Basi kila kitu cha chuma kibaki nje, pamoja na kipima mapigo unachovaa kutwa nzima. Plasta za dawa nazo zionyeshe, kwani baadhi zina utando wa chuma unaoweza kuunguza ngozi.

Jambo ambalo fomu ya maswali inayojazwa kabla ya kipimo haiulizi vya kutosha ni kulala chali. Mwenye moyo uliodhoofika, anayelalia mito mitatu usiku ili apumue, hawezi kunyooka kwa saa nzima kwa kujikaza tu. Mweleze daktari mapema, na muulize pia muda wa kumeza dawa za kupunguza maji mwilini badala ya kuziacha kwa uamuzi wako. Kama picha ni za moyo wenyewe, utaagizwa kubana pumzi mara kwa mara, nami nashauri ujizoeze nyumbani. Kama utapewa dawa ya kuupa moyo kazi, kahawa, chai na chokoleti huzuiwa kwa saa 24. Ikitumika dawa ya gadolini ya kung'arisha picha, taja tatizo lolote la figo.

Ukikataliwa, omba sababu mahususi. Kama kinachokosekana ni fundi wa betri, hospitali nyingine inaweza kukuhudumia. Kama tatizo ni waya wa zamani, daktari bingwa wa moyo ndiye atakayepima kama faida inazidi hatari, au kama CT skani, ambayo hutumia eksirei badala ya sumaku, itatoa jibu lile lile.