Ilimba na sinthesaiza: tyuni kwanza, biti baadaye

Msomaji anayerekodi chumbani kwake Nkuhungu ameuliza kwa nini sinthesaiza yake inagombana na ilimba ya Kigogo, ala ya kisanduku chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole, hata biti ikikaa sawa. Ilimba haina kosa. Sinthesaiza, yaani kinanda cha muziki cha kielektroniki, hugawa oktava vipande 12 vilivyo sawa, lakini muziki wa Kigogo hufuata sauti zinazozaliwa ndani ya sauti moja ya msingi, kuanzia ya 4 hadi ya 9. Ukianzia C, E yao iko senti 14 chini ya E ya kinanda, na B bapa senti 31 chini. Nusu toni nzima ni senti 100, basi 31 si kidogo. Inaniuma kusikia maprodyuza wakiinyoosha ilimba kwa programu ili ifuate kinanda. Kinanda ndicho kifuate.

Surge XT, sinthesaiza ya programu ya kompyuta, ni ya bure na inasoma faili la .scl, yaani orodha ya noti za oktava kwa senti, ambalo unaliandika mwenyewe kwenye notipadi. Mstari wa kwanza jina, wa pili 12, kisha kila thamani kwenye mstari wake: 100.0, 203.9, 300.0, 386.3, 500.0, 600.0, 702.0, 800.0, 900.0, 968.8, 1100.0, 2/1. Hiyo 2/1 ni oktava; kwenye namba za senti nukta ni lazima. Ukiandika 300 tupu, programu huisoma kama uwiano na noti inaruka oktava kadhaa juu. Ilimba za mafundi hazilingani, kwa hiyo pima kila ulimi kwa programu ya kutyuni gitaa kwenye simu, uweke namba za ilimba yako.

Kinachovuruga tena ni oscileta mbili (vizalishaji sauti ndani ya sinthesaiza) zilizopishanishwa ili kutanua sauti, mtindo uliopendwa sana miaka ya 1980. Zikipishana senti 15, ile tofauti ya E uliyoihangaikia imefunikwa. Baki chini ya senti 4, na korasi, ile efekti ya kutanua sauti, iweke kwenye pedi (sauti ndefu laini ya nyuma) tu, kamwe si kwenye mstari unaojibizana na ilimba.

Maiki ikae sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kisanduku cha ilimba, kilele cha sauti kisizidi desibeli -12. Kata sauti nzito zilizo chini ya Hertz 80. Ule mvumo wa utando wa buibui unaobandikwa kwenye ilimba usiuguse, ni sehemu ya sauti.

Kwa mpangilio, sikilizeni Kraftwerk, kundi la muziki wa kielektroniki la Düsseldorf, Ujerumani, na Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo mzaliwa wa Dodoma, pamoja. Wote hurudia kifungu kifupi na kukibadili taratibu. Sinthesaiza tatu zinatosha: besi, pedi, na moja inayoingia pale ilimba inaponyamaza. Ukiongeza ya nne, punguza mojawapo kabla hujagusa kitufe cha sauti.