Maswali na majibu: Bafu jipya katika nyumba ya Mji Mkongwe, na kibali chake

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: nataka kutengeneza bafu au choo katika nyumba ya Mji Mkongwe, je, lazima nichukue kibali, na nitakipataje? Nimezifupisha na nimeacha majina. Mwenye swali la nje ya Mji Mkongwe jibu lake liko mwishoni.

Assalaam alaykum. Bafu letu la chini limechoka. Nataka kubadilisha vigae na sinki, na kutoa choo cha kuchuchumaa niweke cha kukaa. Sivunji ukuta wowote. Kweli na hili linataka kibali? (Mama wa Mkunazini)

Waalaykumu salaam, bibi. Sinki likitoka na jingine likakaa palepale, kwa bomba lilelile, hayo ni matengenezo madogo. Choo ndicho kinachoigeuza kazi yako. Tundu la choo cha kuchuchumaa na la choo cha kukaa mara nyingi hayaangukii mahali pamoja, kwa hiyo fundi atachimba sakafu kulisogeza bomba. Na akishatoa vigae vya ukutani atakuta lipu ya zamani ya chokaa, ataiona laini, ataibandua yote na kupiga saruji. Hapo kazi uliyoiita ya vigae imeshafika kwenye ukuta wenyewe.

Nenda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla hujanunua kitu. Chukua picha za bafu lilivyo sasa na karatasi moja inayoeleza unachotaka kufanya na kwa vifaa gani. Wao watakwambia ni fomu ipi. Usimwachie fundi aamue kama kazi ni ndogo au kubwa, maana yeye hataulizwa.

Tumerithi nyumba Kiponda, ya ghorofa mbili. Mama yetu amekuwa mtu mzima, hawezi tena kwenda choo cha nyuma usiku. Nataka nimjengee bafu na choo ghorofani, chumba cha mbele anacholala. Fundi anasema tumwage zege ili sakafu iwe imara. Nitapewa kibali? (Kijana wa Kiponda)

Mwanangu, nia yako ni ya kheri na nitakujibu kwa urefu, kwa sababu kazi ya namna hii ndiyo inayoziua nyumba nyingi za mji wetu.

Ingia chumba cha chini yake, utazame dari. Utaona boriti za mikoko zimelala kutoka ukuta hadi ukuta. Vyumba vyetu vina upana wa kama mita tatu tu kwa sababu hapo ndipo urefu wa boriti unapokomea. Juu yake yamepangwa mawe, yakafuatiwa na udongo na chokaa iliyopigwa mpaka ikashikana. Sakafu hiyo ni nzito tayari, na uzito wote unabebwa na ncha za boriti zilizoingia ukutani. Ukuta nao ni wa mawe ya matumbawe, unaonyonya maji na kuyapandisha polepole.

Sasa mwekee choo chumba cha mbele. Bomba la choo la inchi nne linataka mteremko wa kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Ikiwa bomba la kushuka liko nyuma ya nyumba, mita sita kutoka hapo, unahitaji kushuka sentimita kumi na tano. Utazipata wapi? Ukichimba sakafu unakutana na boriti, na fundi mwenye haraka atazikata. Ukilipitisha bomba chini ya dari, maji machafu yanasafiri juu ya vichwa vya wanaokaa chini. Ukiinua sakafu ya bafu umeongeza uzito, tena umeweka kidato mlangoni, na wa kukiruka usiku ni mama yako.

Zege la fundi silikubali. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito unaozidi tani mbili, na sakafu ya bafu hula sehemu nzuri ya hiyo. Nondo zikiingizwa kwenye ukuta wa matumbawe uliojaa chumvi ya bahari zitapata kutu, zitavimba na kuupasua. Chini ya zege huwezi tena kuona boriti inaendeleaje. Boriti huanza kuoza pale ilipoingia ukutani, mahali pasipofika jicho, na dari huonekana nzima mpaka siku inapoanguka.

Wazee waliojenga nyumba hizi walijua. Vyoo vya ghorofani waliviweka pembeni, kwenye ukuta wa nje, kimoja juu ya kingine, maji yashuke moja kwa moja. Fuata njia yao. Kama kipo chumba kidogo jirani na choo cha nyuma, kifanye kiwe chumba cha kulala cha mama, na choo kile kitengeneze vizuri: taa, kishikio ukutani, choo cha kukaa, sakafu isiyoteleza. Kuhamisha kitanda ni rahisi kuliko kuhamisha choo, na mchoro wa namna hiyo utaombewa kibali bila wasiwasi.

Kwenye mchoro, mbali na vipimo vya chumba, onyesha mkato wa nyumba kutoka juu hadi chini: boriti zimelala upande gani, bomba linapita wapi, mteremko wake kiasi gani, linaishia kwenye karo (shimo la maji machafu) lipi. Onyesha pia ukuta wa kuogea utakingwaje. Mimi napendelea ubao mwepesi usiopitisha maji, uliowekwa mbele ya ukuta wa zamani na kuachiwa nafasi nyuma yake hewa ipite, vigae vibandikwe juu ya ubao huo. Ukuta wa chokaa lazima upumue. Vigae na saruji vikibandikwa juu yake moja kwa moja, unyevu hukosa pa kutokea, hupanda juu, na mwaka wa pili utaona chumvi nyeupe chumba cha pili.

Fundi wangu anasema kibali kinachelewesha kazi. Ananishauri tuanze ndani kwa ndani, mlango umefungwa, kisha karatasi tutazitafuta baadaye. (Bwana wa Shangani)

Usikubali, bwana wangu. Nyumba za Mji Mkongwe zimeegemeana na nyingi zina ukuta mmoja kwa majirani wawili. Unachovunja kwako kinamhusu asiyejua kwamba umevunja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ilianguka mchana, matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Hilo lilikuwa jengo linalojulikana dunia nzima na lenye macho ya kila mtu. Yako ni nyumba ya uchochoroni, na ukifunga mlango hakuna mwenye ujuzi atakayeona ufa unapoanza.

Kuna la pesa pia. Kazi isiyo na kibali ikisimamishwa katikati, bafu limeshavunjwa, fundi ameshachukua malipo ya awali, na wewe huna choo. Mchoro utautafuta hapohapo, kwa bei ya mtu mwenye shida. Anayesema kibali kinachelewesha mwambie akae nawe siku moja mwandike orodha ya vifaa wakati mnasubiri. Siku za kusubiri zina kazi zake.

Mimi ni mpangaji. Nyumba ni ya Wakfu. Bafu linavuja, nimechoka kungoja, niko tayari kutoa pesa zangu. Naweza kuomba kibali kwa jina langu? (Bi wa Malindi)

Anza kwa mwenye nyumba, dada. Nyumba ikiwa chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au chini ya Shirika la Nyumba, ridhaa ya maandishi itoke kwao, ndipo Mamlaka ya Mji Mkongwe washughulikie upande wa ujenzi. Bila barua hiyo ombi lako halina miguu. Andika mambo mawili mbalimbali: kwamba bafu linavuja, na picha zake, halafu kwamba uko tayari kugharimia. Uliza kwa maandishi kama gharama zitakatwa kwenye kodi. Wapangaji wengi hutengeneza kwa moyo safi, kisha wanakosa hata risiti ya kuonyesha.

Kuvuja kwenyewe kusingoje. Funga maji ya bomba hilo leo, uoge kwa ndoo. Kuzuia maji hakuhitaji kibali cha mtu.

Bomba jipya la choo fundi anataka kulishusha kwa nje, ukuta wa mbele, kwa sababu ndani hakuna nafasi. Pia nataka kupanua dirisha la bafu na kuweka la alumini, na tangi la lita elfu moja juu ya paa. (Hurumzi)

Haya ni mambo matatu na yote yanaonekana kutoka njiani. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na sura ya nje ya nyumba ndiyo kitu cha kwanza kinachoangaliwa. Bomba la plastiki kwenye ukuta wa mbele usilitegemee. Tafuta upande wa uwanda wa ndani au nyuma, hata kama bomba litakuwa refu zaidi. Dirisha liache na ukubwa wake na ubao wake. Bafu lisilo na hewa litengenezee matundu ya juu au feni ndogo.

Tangi ndilo linalonitia hofu zaidi. Lita elfu moja za maji ni tani moja kamili, na wengi huliweka katikati ya paa, pale boriti zinapopinda. Kama hakuna budi, liwe dogo, likae juu ya ukuta unaobeba, na mahali pake paonyeshwe kwenye mchoro ule ule wa bafu. Watu huomba kibali cha bafu peke yake, kisha tangi hulipandisha baadaye kimyakimya.

Jirani ametengeneza bafu na sasa ukuta wa chumba changu umelowa mpaka kifuani. Anasema ana kibali. Nifanye nini? (Mzee wa Sokomuhogo)

Shikamoo mzee wangu. Kibali hakimpi mtu ruhusa ya kumlowesha mwenziwe. Mwendee kwanza kwa wema, pamoja na mtu anayeheshimika mtaani, na umwombe jambo moja: afunge maji ya bafu hilo kwa siku chache. Piga alama ya penseli ukutani pale unyevu ulipofikia, uandike tarehe. Ukuta ukianza kukauka mmepata jibu bila kugombana, ingawa matumbawe hukauka polepole, kwa hiyo mpe muda.

Akikataa, nenda kwa sheha, kisha Mamlaka, ukiwa na picha zenye tarehe. Waombe walinganishe kazi iliyofanywa na mchoro uliopitishwa. Hapo ndipo kibali chake kitakusaidia wewe. Na tafadhali usipige saruji upande wako ili kuficha unyevu. Utapanda juu zaidi.

Niko Muscat. Nyumba ya babu ipo Baghani, tuko warithi wengi, wengine Zanzibar na wengine Uingereza. Nataka kuanza na bafu tu ili tukija likizo pawe na pa kuogea. (Mjukuu)

Karatasi za urithi zitangulie. Anayeomba kibali ataulizwa nyumba ni ya nani, na jina la marehemu babu halitoshi. Mkamilishe mirathi, au angalau warithi waandike ridhaa na kumpa mtu mmoja aliyepo Zanzibar hati ya uwakala. Awe mtu atakayeingia ndani kila wiki, kwa sababu picha za simu hazionyeshi mteremko wa bomba.

Ombi langu kwako: kabla ya bafu, mlete mtu akague paa. Nyumba iliyofungwa muda mrefu huwa inaingiza mvua kwa juu, na kuweka vigae vipya chini ya paa linalovuja ni kutupa pesa.

Mimi niko Dar, Kariakoo, ghorofa ya nne. Hayo ya Mji Mkongwe yananihusu? (Msomaji)

Ya boriti hapana, ya maji ndiyo. Kwenu kibali cha ujenzi kinatoka kwa halmashauri, na kwa Kariakoo ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Kubadilisha vigae ni kitu kimoja, ila kuvunja ukuta au kuhamisha choo katika ghorofa uliza kwanza ofisi ya mipango miji, na upate maandishi ya mwenye jengo au uongozi wa wakazi, kwa kuwa bomba la kushuka ni la wote. Ukihitaji kuunganisha upya kwenye mtandao wa majitaka, hilo ni la DAWASA. Na kabla fundi hajatoboa sakafu, apate ramani ya jengo ajue nondo na nguzo zimepita wapi. Mwenye jengo akisema ramani imepotea, mlipe mhandisi aje aangalie kabla ya nyundo ya kwanza.