Maswali ya Wasomaji: Jini wa Kifaransa Aitweje Kiswahilini?

Swali. Shikamoo mhariri. Nawatafsiria wanafunzi wa darasa la nne ngano za Kifaransa wazisome kwa sauti. Jini Ricdin-Ricdon nimemwita Rikidini-Rikidoni, lakini hawamwogopi, wanajikwaa tu. Nimekosea wapi?
*Mwalimu, Ngamiani, Tanga*

Jibu. Marahaba, mwalimu. Umefuata herufi, ukaliacha sikio. Mademoiselle Lhéritier, aliyeitoa hadithi hiyo mwaka 1705, alibuni jina lisilo na maana yoyote, kwa hiyo sauti ndiyo inayofanya kazi yote. Na ni jina la kukumbukwa: msichana aliyepewa kijiti cha kusokotea uzi akilisahau, ikitimia miezi 3 jini anamchukua.

Mfaransa hatamki "din" kama sisi. Kwake ni karibu na "de" ya puani, na "don" ni "do" ya puani. Midomo inaanza imetanuka, inamalizia imeviringa. Wewe umebandika irabu kila mahali, mapigo mawili yakawa manne, na vipande vyote viwili vikaishia na "ni" ileile. Halafu ndani mna "dini". Mtoto akiisikia anamngoja shehe, si jini!

Jaribu Rikede-Rikodo. Mapigo ni 3 kila upande, na kwa kuwa mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, unaangukia ke na ko, palepale penye tofauti. Ridenge-Ridongo ingenguruma zaidi, ila "dongo" limejificha humo. Kabla hujaandika jina, mtamkie mara 3 mtu asiyeijua hadithi, umuulize amesikia neno gani.

Lakini si kila jina ni sauti tupu. Kizee mwovu Carabosse wa Madame d'Aulnoy ana "bosse" ndani yake, yaani nundu. Ukiandika Karabosi watoto watamwona bosi wa ofisini, afadhali Karanundu. Grognon, wa mwandishi huyohuyo, anatokana na mguno wa nguruwe, basi Bi Mguno anatosha. Cendrillon na Cucendron, majina mawili ya msichana mmoja katika kitabu cha ngano cha Perrault cha 1697, yote yametoka kwenye "cendre", majivu. La pili ni tusi kwa sababu ya "cu", makalio. Hapo irabu haina kosa.

Swali. Ni kweli irabu i husikika ndogo na a kubwa?
*Msomaji, Pangani*

Jibu. Kwa majina ya kubuni, mara nyingi ndiyo. Mwaka 1929 mtaalamu wa lugha Edward Sapir aliwauliza watu: kati ya "mil" na "mal", ipi ni meza kubwa? Wengi walichagua mal. Usiifanye sheria, maana "dogo" letu halina i hata moja. Kwetu ngeli huwahi kabla ya irabu: joka linatisha, kijoka kinachekesha. Jitu la ngano ukilipa jina linaloanza na ki-, umeshalipunguza kimo, hata ulimalizie kwa "mbo" na "ngo" nzito namna gani.