Jibu: Mnara na shinikizo katika Targumi ya Isaya 5

Salaam, ndugu. Umeuliza kwa nini mnara na shinikizo (mahali pa kukamulia zabibu) vya Isaya 5:2 havionekani katika Targumi ya Yonathani, yaani tafsiri ya kale ya Kiaramu ya vitabu vya manabii, ukahofu kwamba nakala yako ina kasoro. Nakala ni nzima. Anza na aya ya 7, ambamo nabii mwenyewe anasema kwamba shamba la mizabibu ni nyumba ya Israeli. Mfasiri wa Kiaramu aliuchukua ufunguo huo akafungulia taswira zilizotangulia, hata mnara ukawa patakatifu na shinikizo likawa madhabahu ya upatanisho wa dhambi. Linalonivutia zaidi, ingawa ushairi wenyewe unafifia, ni aya ya 6: mawingu yaliyoamriwa yasinyeshe mvua yamekuwa manabii waliokatazwa kutabiri. Ukihitaji tafsiri inayofuata Kiebrania kwa karibu zaidi, linganisha na Peshita, tafsiri ya kale ya Biblia katika Kisiria.