Wasomaji wanauliza: Mama anazungukiwa na nyumba, mie nalewa boti, mdogo wangu anaona kiza. Ni ugonjwa mmoja?

SUALA: Asalam alaykum daktari. Niko Wete, Pemba. Mama yangu ana miaka 60 na kitu, tangu juzi juzi hapa akijigeuza kitandani upande wa kulia anapiga ukelele ati nyumba inazunguka, anashika godoro kwa mikono miwili, kidogo hivi halafu inatulia. Akienda sijda ndo hivo hivo. Jirani kampa vidonge vyake vya presha mana kasema hiyo presha tu hakuna kingine. Sasa na mie nikipanda boti kwenda Unguja, tukifika mkondo wa Nungwi natapika mpaka tunafunga gati Malindi, bandari ya Unguja mjini, na mdogo wangu wa kike akisimama ghafla anaona kiza anataka kuanguka. Kizunguzungu hichi tumerithishana? Na hivo vidonge mama aendelee navyo?

JAWABU: Waalaykum salaam mwanangu. Naanza na hilo la mwisho mana ndo la haraka, vidonge vya jirani mama aache leo hii. Kazi ya vidonge vile ni kushusha presha, sasa mtu hajapimwa, pengine presha yake iko sawa kabisa, akivinywa inashuka chini anapata kizunguzungu chengine juu ya kile cha mwanzo, na mtu wa umri wake akianguka chooni usiku akavunja nyonga hiyo ni kazi kubwa kuliko iliyomleta. Kama ana vidonge vyake mwenyewe alivyoandikiwa na daktari hivo asiviache, nasema vya kuazimana.

Na hamjarithishana. Mna vitu vitatu mbali mbali, ila sote tumezoea kuviita kizunguzungu basi. Na hapa ndo watu wengi wanapopotea, mtu anaingia kwa daktari anasema "nasikia kizunguzungu" halafu ananyamaza, anatoka na dawa ya malaria au ya presha. Mwambie daktari ni nyumba inayozunguka au ni wewe unayetaka kuzimia, kinaanza ukifanya nini, kinakaa muda gani, na masikio yanasemaje. Mambo manne hayo yanamfungulia njia kabla hajashika kipimo chochote.

Tuje kwa mama. Akiona vitu vinazunguka na vimesimama, hiyo ndo madaktari wanaita vetigo, na kwa jinsi ulivoelezea, inakuja akijigeuza au akiinamisha kichwa na inakatika haraka, mie moja kwa moja nafikiria sikio la ndani. Kila sikio lina vijibomba vitatu vilivyopinda vyenye maji, ndo vinavyouarifu ubongo kichwa kimegeukia wapi. Chini yake kuna vifuko vyenye chembe ndogo ndogo za chokaa. Umri ukienda, au mtu akipigwa kichwani, chembe zengine zinang'oka zinaingia kwenye kijibomba zisipotakiwa. Mama akijigeuza zinateremka kama mchanga kwenye chupa ya maji uliyoipindua, zikiteremka zinasukuma maji, sikio linaripoti "tunazunguka" na macho yanasema "tumelala", ubongo unachanganyikiwa. Zikishatua basi kwisha, ndo mana haifiki hata dakika moja.

Hakuna kidonge kinachozirudisha zile chembe. Vidonge vya kizunguzungu vinaweza kupunguza kigegezi tu. Kinachozirudisha ni kukigeuza kichwa kwa mpango, njia aliyoieneza daktari mmoja wa Marekani John Epley, aliyeiandikia mwaka 1992. Mgonjwa anakaa kitandani, kichwa kinageuzwa nusu upande wa sikio bovu, analazwa haraka kichwa kikining'inia kidogo, anangojewa kama nusu dakika mpaka dakika, kichwa kinapelekwa upande wa pili, anangojewa tena, halafu anageuka ubavu mpaka uso unatazama chini, ndo anainuliwa. Wakati wa kumlaza daktari anamtazama macho, yatacheza cheza yenyewe, hapo anajua ni sikio gani. Wengi wanapata nafuu kwa mara moja au mbili. Lakini msimfanyie nyumbani kwa kukisia, muanze hospitali ya hapo Wete, muombe mtu wa masikio, pua na koo, na kama ana maradhi ya shingo semeni mapema. Kwa sasa alalie mito miwili, akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, na asali amekaa kitako, mgonjwa karuhusiwa.

Vetigo ikikaa masaa pamoja na sikio kuvuma na kusikia kupungua, hiyo nyengine, na ikikaa siku kadhaa baada ya mafua makali nyengine pia, zote za kwenda kuonwa. Ila nakuomba hili ulishike: mdomo ukipinda, mkono au mguu ukilegea, maneno yakawa mazito, akaona vitu viwili viwili, kichwa kikauma ghafla vibaya sana, au akashindwa kabisa kusimama, msingoje asubuhi na msimpeleke kukandwa wala kusomewa kwanza. Huenda ni kiharusi, gari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Wewe wa boti si mgonjwa, bahari inakulevya tu. Umekaa ndani macho yanaona kiti kimetulia, sikio linasikia wimbi, ndo ugomvi huo. Kaa katikati ya boti ambapo inayumba kidogo, au toka nje upate upepo utazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu, au kisiwa cha Tumbatu kikionekana tazama huko, na simu weka mkobani. Usipande na njaa ukidhani hutatapika, wala usishindilie, kula kidogo. Tangawizi inawasaidia baadhi ya watu. Vidonge vya safari vinanywewa kabla, saa moja hivi au zaidi kutegemea aina, muulize muuza dawa, mana wengi wanavimeza boti ishaanza kuruka, vinatoka na matapishi. Na vinaleta usingizi, ukishuka Malindi usiendeshe chombo. Siku za kusi kali ndo ujitayarishe zaidi.

Mdogo wako nae huyo hazungukiwi, anataka kuzimia. Akisimama damu inakimbilia miguuni, presha inashuka, ubongo unapungukiwa kwa muda. Mara nyingi ni maji kidogo, au upungufu wa damu, hasa kama siku zake zinatoka nyingi, na kama kaolewa apime na mimba. Apimwe presha amelala halafu amesimama, ya juu ikishuka 20 au zaidi ndani ya dakika tatu jawabu ndo hilo, na apimwe wingi wa damu siku hiyo hiyo mnayompeleka mama.