Ukienda Reina Sofía, chagua mchoro mmoja

Kila mgeni anayefikia kwangu Madrid huja na ratiba yake: asubuhi Prado, mchana Reina Sofía, jioni uwanja wa Bernabéu. Kuhusu Bernabéu sina ubishi. Ila hayo makumbusho mawili ukiyabana katika siku moja, jioni utakachokumbuka ni miguu tu.

Reina Sofía ndiyo ya sanaa ya karne ya 20 na ya leo, na iko jirani kabisa na stesheni ya Atocha. Jengo lake la zamani lilikuwa hospitali: korido ndefu, vyumba vinavyofanana, ni rahisi kupotea. Jumanne hufungwa. Jumatatu, na Jumatano hadi Jumamosi, kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku huingii kwa kiingilio, na foleni yake si mchezo (pitia tovuti yao kwanza, saa hubadilika). Saa hizo za bure mimi huwashauri wageni wazitumie kwa Guernica, mchoro wa Picasso, peke yake. Panda ghorofa ya pili moja kwa moja. Vingine virudie asubuhi nyingine, kwa tiketi.

Picasso aliuchora mwaka 1937, baada ya ndege za Wajerumani na Waitaliano waliomuunga mkono Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kuupiga mabomu mji wa Guernica, kwa Wabaski, kaskazini mwa Uhispania. Ulikaa New York miaka mingi kwa sababu mwenyewe hakutaka urudi kabla uhuru haujarudi Uhispania. Ukafika Uhispania mwaka 1981, yeye akiwa ameshafariki. Una upana wa karibu meta 8. Watu husongamana katikati, simu juu, maana tangu 2023 kupiga picha kunaruhusiwa, kisha haooo, wameondoka.

Wewe anzia pembeni kushoto, kwa mama aliyempakata mtoto aliyekufa. Kati ya fahali na farasi mtafute ndege, mdomo wazi, karibu amezwe na giza, wengi humpita. Chini kuna mkono umeshika upanga uliovunjika, na kando yake ua dogo. Ukitoka hapo pitia vyumba vya jirani, kwenye michoro ya majaribio na picha alizopiga mpigapicha Dora Maar kazi ikiendelea. Utaona askari aliyelala chini alikuwa ameinua ngumi juu, Picasso akaifuta. Kwangu mimi, picha hizo zinafundisha kuliko maelezo yote ya ukutani.

Barcelona kuna MACBA, makumbusho ya sanaa ya kisasa, jengo jeupe la msanifu Richard Meier. Nasema ukweli wangu: kwenye uwanja wa mbele yake, vijana wanaporuka na mbao zao za magurudumu, huwa nakaa muda mrefu kuliko ndani.

Bilbao ni mbali, basi kutoka Madrid ni saa nne, tano hivi, lakini nenda. Makumbusho ya Guggenheim ya msanifu Frank Gehry, yaliyofunguliwa mwaka 1997, wengi huyamalizia nje, wakijipiga picha na yule mbwa wa maua wa Jeff Koons. Jengo lenyewe limevizidi vingi vilivyomo, isipokuwa ukumbi wa mchongaji Richard Serra. Humo mna kuta za chuma zenye rangi ya kutu, ndefu kuliko mtu, zimeinama. Ukiingia kati yake njia inabana, inapinda, inafunguka ghafla, na kizunguzungu kidogo kinakushika. Kama una watoto, wapeleke huko kwanza kabla hawajachoka. Hawahitaji kuelezwa chochote.

Na ukijaliwa kuvuka bahari hadi Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, makumbusho ya Museo Botero haina kiingilio hata senti. Msanii Fernando Botero aliitoa zawadi mwaka 2000: kazi zake 123, watu na matunda yaliyonenepa kupita kiasi, pamoja na 85 za wasanii wengine, Picasso akiwemo. Nayo hufunga Jumanne. Mji uko kama meta 2,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo siku ya kwanza vilima vya La Candelaria, mtaa wa zamani yaliko makumbusho hayo, vipande taratibu.