Barua kwa mwanangu: hujauza taaluma, ila hiyo kozi ya wikendi hapana

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma juzi usiku nikairudia tena asubuhi, na sikukujibu haraka maana sikutaka nikujibu kwa hasira wala kwa kukupendezesha tu. Umeniuliza, mama, nikiacha wodi nikaenda kwenye mambo ya urembo wa ngozi, Botox ya sindano ya kulegeza misuli ya mikunjo, na fila za sindano za kujaza uso, na leza, si nitakuwa nimeuza taaluma mliyonisomesha? Halafu chini kabisa, kama vile ni jambo dogo, ukaniambia kuna kozi ya wikendi moja umeiona na unatoka na cheti.

Kwanza hilo la kuuza taaluma. Hapana mwanangu, wala usilale nalo. Unajua nimefunga vidonda vya walioungua miaka mingapi kabla sijastaafu, na huko ndo nilijifunza kwamba kidonda kinaweza kufunga na mtu mwenyewe bado hajapona. Kulikuwa na dada mmoja kovu lilimvuta shavu mpaka pembe ya mdomo, kila akija anachagua kukaa mwisho wa benchi, ule upande wa kovu anauelekeza ukutani. Walimshughulikia kidogo kidogo, sindano za kulainisha kovu, baadaye leza, ikachukua muda mrefu kweli, na siku aliyokuja bila mtandio akakaa katikati ya watu mimi nilitoka nje nikalia. Sasa atakayeniambia ile ilikuwa anasa aje aniambie usoni.

Na hii fani yenyewe imetoka huko huko kwa wagonjwa. Daktari mpasuaji Harold Gillies alikuwa anatengeneza upya nyuso za askari wa vita kuu ya kwanza pale Sidcup, Uingereza, mwaka 1917, watu waliopigwa wakabaki hawana pua wala taya. Hata Botox haikuanza na mikunjo, daktari wa macho wa Marekani, Alan Scott, alikuwa anatafuta dawa ya makengeza, na Marekani waliikubali mwaka 1989 kwa makengeza na kwa watu ambao kope zao zinakaza zenyewe. Ni daktari wa macho wa Kanada, Jean Carruthers, ndo aligundua wagonjwa wake wa kope wanapungua mikunjo katikati ya nyusi, na bahati nzuri mume wake Alastair alikuwa daktari wa ngozi, wakaandika matokeo yao mwaka 1992, mpaka kufika 2002 ikaruhusiwa kwa mikunjo yenyewe. Kwa hiyo usione aibu kuingia.

Ila hiyo wikendi moja, mwanangu, hapo ndo nimekosa usingizi.

Botox ukikosea pa kuchoma kope linaweza kuanguka, mtu atateseka na wewe utateseka, lakini dawa yenyewe inaisha nguvu ndani ya miezi 3 au 4 na kope linarudi. Fila ni habari nyingine. Ikiingia ndani ya mshipa wa damu inaziba, na mishipa ya uso imeungana na ile inayolisha jicho, kwa hiyo mtu anaweza kukaa kwenye kiti chako anaona na akainuka haoni, na sehemu mbaya zaidi ni pua na hapo katikati ya nyusi ambapo ndo wengi wanapataka. Hata mwenye mkono mzuri linaweza kumtokea. Tofauti ni kwamba aliyefundishwa vizuri anaona ngozi imebadilika ghafla kuwa nyeupe, au imekuwa na madoa kama wavu, anaacha hapo hapo, anachoma hayaluronidezi, dawa ya kuyeyusha, iyeyushe ile fila, na hasubiri kesho. Na hiyo inayeyusha fila zilizotengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki tu, sio kila fila, silikoni ikishaingia imeingia. Sasa hayo yote nani anakufundisha Jumamosi na Jumapili?

Na leza pia. Leza ya kutoa nywele inatafuta rangi nyeusi ya unywele iuchome, na ngozi yetu nayo ina rangi hiyo hiyo, kwa hiyo mashine haichagui, inachoma vyote. Kwa ngozi nyeusi salama zaidi ni ile ya mwanga wenye wimbi la nanomita 1064 maana inapita chini zaidi na melanini, hiyo rangi ya ngozi ya juu, haiinywi sana, ile ya 755 inaweza kukuachia mtu na alama za kuungua uso mzima. Kumbuka kipimo cha Fitzpatrick mnachofundishwa, cha kupanga aina za ngozi, cha mwaka 1975, kilianza na ngozi nyeupe tu, sisi tuliongezwa baadaye. Uliza hiyo mipangilio ya nguvu ya mashine waliipima kwa ngozi ya nani.

Halafu wateja wako wengi hawatakuwa wa mikunjo, watakuwa kama mama yako mdogo. Hujawahi kuambiwa vizuri kilichompata. Alikuwa anapaka krimu ya kung'arisha, miaka, mwanzoni akawa anang'aa kweli na kila mtu anamsifia, kumbe ndani kuna steroidi, dawa kali ya kutuliza ngozi, na haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi. Steroidi ikala ngozi ikawa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na haidrokwinoni ya muda mrefu inageuka, inaleta weusi wa bluu-bluu mashavuni, naye akiuona weusi anaongeza kupaka. Nilikuwa muuguzi, dada yake wa damu, na nilichelewa kumwuliza anapaka nini kwa sababu niliogopa atanuna. Hilo sijajisamehe.

Kwa hiyo ukienda, jifunze kuuliza mtu anapaka nini kabla hujashika sindano, na jifunze kumrudisha nyumbani. Atakuja msichana na picha yake mwenyewe aliyoipitisha kwenye filta anataka afanane nayo, mwingine umeshamfanyia mara tatu na bado anaona pua ina kasoro ambayo hakuna mwingine anaiona, huyo fila haitamsaidia, anahitaji daktari wa akili, na utamwambia kwa upole huku kodi ya chumba inakusubiri.

Kabla hujawalipa hao wa kozi waulize mawili tu, mwalimu amewahi kuona fila imeziba mshipa na alifanya nini dakika zile, na hayaluronidezi ipo kabatini au huwa wanaagiza. Wakikujibu niambie neno kwa neno. Mama mdogo anakusalimia, daktari alimshusha zile krimu taratibu hakumwachisha siku moja, sahivi anapaka mafuta ya kawaida na krimu ya jua, shavu la kushoto limeanza kutulia.

Mama yako